Mbolea ya Zizi la Okemwa

Ndugu zangu, mwaka wa 1994 lilikuwapo boma nje kidogo ya soko la Uriri ambalo kila jirani alilisifu. Okemwa alikuwa na ng'ombe wanene, na mkewe Nyanchoka hakuwa na mkono wa birika. Kila msimu wa kupanda alifungua zizi, majirani wakajaza magunia ya mbolea bure. Asiyekuja alikuwa mmoja tu: Bitutu, mjane wa ng'ambo ya kijito. Mgongo wake haukuweza mizigo, hivyo alipanda kwa majivu na maganda ya ndizi.

Msimu huo mvua ilikuwa nzuri. Maharagwe yaliota, kisha majani yakajikunja kama vijiko, mashina yakapinda, yakafa. Saga ya Nyanchoka, ile mboga chungu, ikafa pia. Mahindi peke yake yalisimama. Na kule ng'ambo, maharagwe ya Bitutu yalikuwa yakitoa maua.

Mnajua kilichosemwa. Miaka ile mtu akishaitwa mchawi, kilichofuata ni kiberiti. Vijana walimwambia Bitutu awe amehama kufikia Sabato.

"Baba Mosoti, wewe waonaje?" Nyanchoka alimwuliza mumewe.

"Nione nini? Shamba la nani limesimama?"

Jibu hilo halikumtosha. Bitutu ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Asubuhi Nyanchoka alikwenda kumwita Truphena, afisa wa kilimo aliyetoka Homa Bay. Truphena alichuchumaa shambani, akageuza jani moja, kisha la pili.

"Hii ni dawa ya kuua magugu. Nani amenyunyiza?"

"Hapa hakuna aliyenyunyiza, madam."

"Na ng'ombe wanakula wapi?"

Okemwa alikohoa. Akakohoa tena. Mwishowe akasema kwamba alinyunyiza vichaka vya malishoni, kwa dawa aliyonunua Isebania ndani ya chupa ya soda, bila karatasi ya maelezo.

"Muuzaji aliniambia nyasi hazitadhurika."

"Hakukudanganya. Nyasi hazifi, wala mahindi, ila huitunza dawa ndani yake. Ng'ombe anazila, dawa inapita tumboni, inatoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu."

Vijana waliokusanyika walicheka. Dawa ipite ndani ya ng'ombe? Truphena hakubishana nao. Aliomba mikebe, akaijaza udongo wa mahali pamoja pasipowekwa mbolea. Nusu ya mikebe aliichanganyia mbolea ya Okemwa, kisha akapanda maharagwe kwenye yote. Chifu akaamuru Bitutu asiguswe hadi maharagwe yatoe jibu.

Hapo Bitutu alivuka kijito.

"Madam, nitaimwagilia mimi, mikebe yote, wakinitazama. Kama mkono wangu unaua, na uue yote. Uchawi gani huo unaochagua mkebe kama mgeni anayechagua nyama?"

Hata waliomchukia walicheka. Alimwagilia kila asubuhi. Maharagwe yasiyo na mbolea yalinyooka, yenye mbolea yakajikunja. Vijana waliotoa amri waliondoka mmojammoja bila kuaga.

Lakini sumu ilikuwa bado mashambani. Truphena alirudi na chupa zenye nyuzi nyeupe za kuvu, wa jamii ile inayoozesha magogo.

"Kuvu huyu hutoa vimeng'enya vya kuvunja sehemu ngumu ya mti," alieleza. "Vimeng'enya hivyo havichagui sana, huvunja na sumu nyingi. Si zote, na si upesi. Naye kuvu anataka kivuli na unyevu."

Kivuli na maji ya karibu vilikuwa kwa nani? Kwa Bitutu, chini ya migomba yake. Nyanchoka alikwenda kumwomba mahali, macho chini.

"Leteni," Bitutu alisema. "Ila Okemwa abebe mwenyewe."

Okemwa alibeba. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi na kukusanya mbolea aliyowapa pamoja na udongo wake. Waliichanganya na mabaki ya miwa na magunzi yaliyokwisha kutandwa na kuvu wa zile chupa. Uyoga ulipochomoza, Truphena aliwakataza kuula.

"Kumbe nalea nisichoonja!" Bitutu alinung'unika, akaendelea kuumwagilia.

Msimu uliofuata mikebe ilipandwa tena, sasa kwa mbolea hiyo. Maharagwe machache yalipinda, wakangoja. Walipojaribu mara nyingine, yote yalinyooka, na ndipo mbolea iliporudishwa mashambani. Saga ya kwanza Nyanchoka hakuipika kwake. Aliivusha kijito.

"Asante kwa kutohama," alisema.

Bitutu alipokea kikapu, akainusa saga. "Ningehamia wapi, na uyoga wenu ungelelewa na nani? Kaa, tupike."

MAFUNZO

Dawa isiyo na maelezo usiinunue. Ukinyunyiza malisho, waambie unaowapa mbolea, na uijaribu kwanza kwa maharagwe mkebeni. Kuvu wanaweza kusafisha udongo, nasi tuwashukuru wanaotufundisha kuwatumia. Lakini kama Bitutu angechomewa nyumba, hakuna kimeng'enya ambacho kingemrudisha. Kabla ya kumnyooshea jirani kidole, chunguza zizi lako.