Hamisa na Kisu cha Fundi Manila

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hamisa binti Sadallah alichota maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akapenya kwenye pengo la ua wa makuti na kuingia kwa jirani yao, Fundi Manila, kupigana. Majirani wa Mwananyamala walikwisha kuzoea kusikia vijiti vikigongana, ta-ta-ta, kabla jua halijapanda. Mgeni akiuliza kuna nini, aliambiwa, "Ni binti Sadallah anamchapa Mmanila," na watu walicheka, kwa sababu kila mtu alijua nani alikuwa anamchapa nani.

Manila si jina alilopewa na mama yake. Aliitwa Krispulo, na kwao hata si Manila, bali kisiwa kingine cha Ufilipino kiitwacho Sebu, lakini alikwisha kuchoka kuwasahihisha watu. Alifika Dar es Salaam akiwa seremala wa meli ya mizigo. Homa ikamlaza hospitali, meli ikang'oa nanga bila yeye, na alipopata nafuu akawa hana haraka tena ya kuondoka, kwa kuwa muuguzi aliyemletea uji alikuwa Benedicta. Sasa ulikuwa mwaka 1952. Walikuwa mtu na mkewe, wana mtoto wa kiume, Alfonsi, na Fundi alitengeneza vitanda ambavyo havikulia hata vikilaliwa na ukoo mzima.

Serikali ya Waingereza ilimruhusu kukaa nchini kwa karatasi moja, iliyogongwa muhuri upya kila mwaka. Karatasi hiyo ilisema waziwazi kwamba akipatikana na hatia yoyote mahakamani, atapandishwa meli na kurudishwa kwao. Benedicta aliitunza ndani ya Biblia yake.

Hamisa alikuwa na miaka kumi na miwili siku alipoona ufundi wa pili wa jirani yake. Alikuwa amesimama mlangoni pa karakana akiomba kaa la moto, mara mlevi mmoja akaingia uani mbio, panga mkononi, akimtafuta mtu aliyegombana naye. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuona nani ni nani. Akaliinua panga juu ya Fundi. Fundi alikuwa ameshika mguu wa kiti ambao haujapigwa msasa. Mtu mwingine yeyote angerudi nyuma, lakini Fundi alisogea mbele. Hamisa alitazama bila kupepesa, na bado hakuona kilichofanyika. Alisikia kitu kama ufito unaovunjika, kisha panga likawa chini mavumbini na mlevi amekaa kitako, anaushika mkono wake na kushangaa, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Fundi akampa maji ya kunywa.

"Hujampiga kichwani," Hamisa alisema.

"Kichwa hakijashika panga," Fundi alimjibu. "Mimi napiga mkono ulioshika. Panga likianguka, ugomvi umekwisha."

Tangu siku hiyo Hamisa hakumpa baba yake raha. Mzee Sadallah, mpakizi wa mizigo bandarini, alikataa mara tatu binti yake afundishwe kupigana. Mara ya nne alikwenda mwenyewe kutazama, akarudi, akasema, "Vijiti tu. Na ndani ya ua tu."

Ufundi wenyewe uliitwa eskrima. Fimbo zilikuwa za henzirani, ule mti wa kutengenezea bakora, nyepesi na ngumu, urefu wa mkono mmoja, na mapigo yalikuwa kumi na mawili. Viganja vya Hamisa vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Baada ya mwaka mmoja aliweza kufumba macho na kujua fimbo ya Fundi inatokea upande gani, na kila ilipotokea hivyo moyo wake ulijaa mshangao, kana kwamba mkono wake umekuwa wa mtu mwingine mwenye akili zaidi.

Juu ya meza ya useremala kilining'inia kisu kirefu, kipana kuelekea nchani, mpini wake wa pembe umechongwa kama mdomo wa mnyama. Fundi alikiita bolo. Kilikuwa cha baba yake. Jumapili, akitoka kanisani, alikishusha na kufanya yale mapigo kumi na mawili polepole, peke yake, na Hamisa alikaa kizingitini bila kuthubutu hata kukohoa. Hakuwahi kuona kitu kizuri na cha kutisha kwa wakati mmoja namna ile.

"Hiki si cha kuonyesha watu," Fundi alimwambia. "Kikitoka nje ya ua, kitoke kwa kazi. Hakuna kazi, kinakaa."

Hamisa aliitikia. Kuitikia kulikuwa rahisi siku hiyo, kwa sababu Marijani hakuwapo. Marijani alikaa dawati la nyuma yake darasani na alikuwa na ulimi usiochoka.

"Nyie mnachezea vijiti vya kuchungia mbuzi," alimwambia Ijumaa moja mbele ya darasa zima, Hamisa alipokuwa akiwasimulia habari za bolo. "Kisu gani? Hakuna kisu. Mmanila wako anakudanganya, na wewe unatudanganya sie."

"Njoo kesho kwenye ngoma Kinondoni," Hamisa alisema, na alipokwisha kusema, njia ya kurudi nyuma hakuiona.

Jumamosi Fundi alikwenda Kariakoo kupeleka meza, na Benedicta alikuwa anamwogesha mtoto. Hamisa akapanda kwenye kigoda, akakishusha kisu. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Akakizungushia kanga ya mama yake, kwa sababu aliona si adabu kukibeba kitu kama kile kikiwa uchi, akakipakata kifuani na kutoka.

Kule Kinondoni palikuwa na ngoma ya harusi na watu wengi. Mwezi uliopita watu wawili walikuwa wamechomana visu palepale, na tangu hapo kulibandikwa tangazo ukutani: ni marufuku kuja ngomani na kisu, panga au rungu. Hamisa alikuwa amelipita mara kadhaa. Lilikuwa tangazo la watu wakubwa, kwa hiyo hakulisoma.

Marijani alipomwona akacheka. Hamisa akafunua kanga. Jua likapiga kwenye chuma, na kicheko cha Marijani kikafia kooni. Kwa kitambo kidogo Hamisa alipata alichokitaka: macho ya watu yalikuwa kwake, na yalikuwa yamejaa hofu na heshima. Halafu mwanamke mmoja akapiga yowe, watu wakakanyagana kukimbia, ngoma ikanyamaza, na mkono wa askari ukamshika bega.

"Kisu hiki cha nani?"

Hapo ndipo Hamisa alipolitoa neno lililokuwa karibu zaidi na ulimi wake. "Nimetumwa."

Mwananyamala nzima, mtoto aliyetumwa alikuwa na heshima yake. Ukimkuta njiani saa ya chuo cha Kurani, au anapita katikati ya wazee wanaoongea, akisema ametumwa humgombezi wala humcheleweshi. Ukiwa na neno, unampelekea aliyemtuma. Hamisa alikuwa amelitumia neno hilo maisha yake yote, mara nyingine kwa kweli.

"Nani kakutuma?"

"Fundi Manila. Kasema nikipeleke kikanolewe."

Askari akaandika. Akakichukua kisu pamoja na kanga. "Basi nenda nyumbani, mwanangu. Kosa si lako."

Hamisa alikimbia hadi kwao akiwa amefurahi. Alifurahi kweli, na baadaye ni furaha hiyo iliyomwaibisha kuliko yote.

Alasiri askari wawili waliingia uani kwa Fundi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Hamisa alichungulia kwenye pengo la ua.

"Kisu hiki ni chako?"

"Changu."

"Ulimtuma mtoto wa jirani akipeleke kunolewa?"

Fundi aligeuza kichwa, akatazama moja kwa moja kwenye pengo. Hamisa aliyaona macho yake na akangoja amsikie akisema hapana.

"Kisu ni changu," Fundi alisema. "Mtoto msimsumbue."

Akapangusa unga wa mbao mikononi, akavaa shati, akambusu Alfonsi kichwani. Askari akamshika mkono. Mtaa mzima ulijua mkono ule ungeweza kufanya nini, na askari mwenyewe nadhani alijua, maana aliushika kwa wasiwasi. Fundi hakuuvuta. Alitembea nao kama mtu anayesindikizwa na wageni wake. Hamisa aliwahi kumwona akimwangusha mtu mwenye panga kwa mguu wa kiti, lakini hakuwahi kumwogopa na kumheshimu kama alivyomheshimu wakati ule.

Benedicta alikuja kwao ameshika ile karatasi ya muhuri. "Mzee Sadallah, akipatikana na hatia wanamrudisha kwao," alisema. "Mie na huyu mtoto tutabaki na nani?" Hamisa alikuwa nyuma ya mlango, akasikia yote. Hakujua kwamba neno dogo kama lile lingeweza kumvusha mtu bahari.

Baba yake alipokwisha kuswali magharibi, Hamisa alimfuata kwenye mkeka. "Baba, hakunituma. Nilikichukua mwenyewe, nikaongopa."

Mzee Sadallah aliukunja mkeka polepole, na Hamisa akatamani apigwe ili yaishe. "Kesho asubuhi tutakwenda kituo cha polisi, utamwambia sajini kama ulivyoniambia mie," baba yake alisema mwishoni. "Nitakuwa nyuma yako. Lakini mdomo ni wako."

Sajini Gozbert alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mezani palikuwa na kile kisu, kanga, na karatasi alizokuwa anaziandaa kuzipeleka mahakamani Jumatatu.

"Shikamoo, afande," Hamisa alisema. "Jana nilisema nimetumwa. Sikutumwa. Fundi alikuwa Kariakoo, hajui lolote."

Sajini alimtazama, kisha akamtazama baba yake. "Na kuja kusema haya, nani kakutuma?"

Hamisa alimgeukia baba yake. Hakuwa amelifikiria hilo. Jana aliongopa akaaminiwa mara moja, na leo anasema kweli haaminiki.

"Najua majirani wanavyopendana," Sajini aliendelea kwa upole. "Mtu akipata matatizo, mtoto anafundishwa maneno ya kusema. Jana umesema kilikuwa kinapelekwa kunolewa. Imeandikwa hapa."

Hamisa akakitazama kisu, na akili ikamfunguka. "Afande, kijaribu. Kinataka kunolewa?"

Sajini alisita. Akachukua kipande cha karatasi, akakishika kwa juu, akakigusisha kwenye makali. Hakukata wala hakusukuma. Nusu ya karatasi ikashuka taratibu hadi mezani, na hapakuwa na sauti yoyote. Askari aliyekuwa mlangoni akasogea kutazama. Sajini akajaribu tena, kama haamini, na ikawa vilevile.

"Hakuna mtu mwenye akili anayepeleka chuma hiki kwa mnoaji," alisema polepole. Akavua miwani. "Sasa nieleze. Ulikichukulia nini?"

"Kujionyesha."

Sajini akamwambia asogee karibu. "Asubuhi hii nimepishana na watu kumi wenye mapanga, na sikumsimamisha hata mmoja. Panga liko begani, jembe liko juu yake, kila mtu anajua wanakwenda shamba. Chuma hichohicho ukikificha ndani ya kanga ukaenda nacho ngomani, kimekuwa silaha, na mkono wa mtoto hauibadilishi sheria. Sheria haitazami makali tu. Inauliza unakwenda nacho wapi, kwa kazi gani. Na wewe hukuwa na kazi."

Akazichana zile karatasi. Mzee Sadallah akaweka dole gumba kwenye nyingine, kuahidi kwamba binti yake hatarudia. Fundi alipoletwa, naye alipata yake: kisu kiwekwe sandukuni na kufuli, maana kukining'iniza palipo na watoto ni uzembe. Fundi aliinamisha kichwa na kukubali.

Walirudi kwa miguu, watu watatu. Walipokaribia mtaani Hamisa alimshika Fundi shati. "Fundi, nisamehe. Kwa nini hukusema hapana?"

"Niliogopa sana," Fundi alisema. "Usiku kucha sikulala. Lakini ningesema hapana, wangekukamata, na wewe ungesema kweli kwa sababu umekamatwa. Nikasema, nimpe hadi Jumatatu. Jumatatu ningesema mwenyewe." Akacheka kidogo, na Mzee Sadallah akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kisha Fundi alisimama. "Sikiliza. Kupiga kwa fimbo nitakufundisha, na kila mwenye mikono anaweza kujifunza. Kusimama mbele ya kosa lako, usimsukume mwenzako mbele likampate yeye, hilo hakuna mwalimu anayeweza kukufanyia. Leo umelifanya. Ndiyo maana baada ya miezi mitatu utarudi uani kwangu. Kabla ya hapo, hapana."

"Ahsante, Fundi."

"Usishukuru bado. Bado mtu mmoja." Akaelekeza kidevu mbele. Benedicta alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, macho yamevimba kwa kulia. "Kamwambie Mama Alfonsi ni wewe. Huyo hata mimi simwezi."

Hamisa alitazama nyuma. Baba yake na Fundi walikuwa wamesimama palepale, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kumsindikiza. Akaenda kumwambia.