Uzi Mwekundu Kwenye Fimbo ya Theluji

Kila asubuhi kabla ya uji, Aliisa na mdogo wake Touko walivaa mabuti wakatoka uani kupima theluji. Fimbo yao ya kupimia ilisimama kati ya banda la kuni na vichaka vya zabibu nyeusi. Asubuhi za Januari ni giza, kwa hiyo Aliisa alishika tochi. Touko, mwenye miaka sita, alishika chupa tupu ya jamu.

"Ngapi leo?" Touko aliuliza.

"Sentimita kumi na nne."

"Mpaka kwenye uzi wa mama zimebaki ngapi?"

"Mia kutoa kumi na nne. Themanini na sita."

"Hizo ni nyingi?"

Aliisa aliandika namba kwenye daftari kwanza. "Ni nyingi kidogo," akasema.

Uzi ulikuwa wa sufu nyekundu. Mama yao aliufunga kwenye alama ya mita moja baada ya Krismasi, siku aliyorudi mji wa Oulu kwenye kazi ya kusafisha wodi za hospitali. "Theluji ikifika hapa," alisema, "likizo yangu itakuwa imefika." Alisema tu kama watu wazima wanavyosema, jicho moja likiwa kwenye saa ya basi. Aliisa alikuwa na miaka kumi na mmoja, akaelewa kwamba ni maneno ya kuagana. Touko aliyashika kama mahubiri ya mchungaji.

Mama hakuwa msafishaji zamani. Alikuwa mpishi wa shule ya Kaarnavaara, hapahapa kijijini, mpaka manispaa iliposema watoto wetu kumi na watatu ni wachache mno na kuifunga. Mwaka huohuo manispaa ilijijengea ofisi mpya yenye ngazi za kioo. Sisi wa Kaarnavaara hatusahau kitu kama hicho. Shule iliondoka na sufuria zake, na mpishi akafuata kazi alikoipata.

Sasa watoto huchukuliwa na teksi, kilomita thelathini na nne kwenda na thelathini na nne kurudi. Greda la kuondoa theluji barabarani lisipopita, teksi haiji, na watoto wanabaki nyumbani. Kwa siku kama hizo manispaa ilituletea karatasi yenye picha ya mtu wa theluji anayecheka. Juu yake waliandika: *Tujifunze kwa Theluji: Kazi za Nyumbani kwa Watoto Wadogo.*

Bibi Raili, mama yake mama, aliisoma kwa sauti mezani. "Wamechukua shule," akasema, "wakatuachia karatasi."

"Niitie motoni, Bibi?" Aliisa aliuliza.

"Thubutu. Tutaifanya yote, namba moja mpaka ya mwisho. Asije mtu kusema watoto wa Kaarnavaara hawakutaka kusoma."

Wakaifanya. Walikata nyota za karatasi zenye ncha sita. Walichora herufi za Touko juu ya theluji kwa maji ya viazisukari vyekundu. Walifuata nyayo za sungura mpaka banda la kuni, wakabishana kama alikuwa anakuja au anaondoka. Lakini kazi mbili walizozipenda kuliko zote zilikuwa namba tatu, fimbo, na namba nne, chupa.

Chupa ilikuwa ya Touko. Aliijaza theluji ya pale chini ya fimbo, bila kuishindilia, akaiweka karibu na jiko la kuni. Ikishayeyuka aliegemeza ukanda wa karatasi kwenye chupa, akachora mstari pale maji yalipofika, kisha akaubandika ndani ya faili la kazi zao na kuandika tarehe. Siku ya kwanza alikasirika. Chupa nzima ya theluji ilitoa maji ya upana wa kidole kimoja.

"Nyingine imeenda wapi?"

"Haikuwa theluji, ilikuwa hewa," Aliisa alimwambia. "Theluji ikianguka yenyewe inalala juu ya hewa kama kuku juu ya mayai."

Theluji ilianguka sana mwezi ule. Sheria ya barabara ilisema wazi: theluji ya usiku mmoja ikifika sentimita nane, greda lipite kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Greda likaja saa nne, au saa saba mchana, au kesho yake. Mara mbili Mama alishuka basi njia panda siku ya Jumamosi. Kutoka pale mpaka nyumbani ni kilomita kumi na tatu, na Bibi hakuweza kutoka na gari kwenda kumpokea. Mara zote mbili Mama alipanda basi linalorudi. Alipiga simu akiwa ndani ya basi, akaongea haraka haraka ili wasisikie kwamba analia. Walisikia.

Bibi alipolalamika, ofisi ya barabara ya manispaa ilijibu kwamba kwa vipimo vyao usiku ule zilianguka sentimita tano tu. Walipima kwenye karakana yao, huko mjini.

Halafu Februari ikaja na baridi kavu, theluji ikakoma. Fimbo ilisimama kwenye hamsini na nane siku tano mfululizo. Touko akaacha kumaliza uji wake.

"Theluji imetusahau," alisema, akizungusha kijiko. "Na Mama naye."

Usiku ule ilianguka kidogo sana. Asubuhi Aliisa alitoka peke yake kabla Touko hajaamka. Alipima: zimeongezeka sentimita mbili. Akasimama akiutazama uzi mwekundu juu kule. Kisha akachukua koleo, akachota theluji ya kando ya njia, akaimwaga kuzunguka fimbo na kuisawazisha kwa glavu. Touko alipotoka na chupa yake, alikuta sitini na saba.

"Tisa kwa usiku mmoja," Touko alisema, akapiga mbio kumwambia Bibi. Siku hiyo alikula bakuli mbili.

Na Aliisa? Alijua alichokifanya, lakini kila alipoitazama fimbo kupitia dirishani, moyo wake ulidanganyika pamoja na wa Touko. Mama alionekana karibu. Alirudia asubuhi nyingine tatu.

"Dada," Touko alisema siku moja, pua yake ikigusa chupa, "theluji ya leo imenenepa. Ona, maji vidole vitatu."

"Kunywa uji wako."

Wiki ya mwisho ya Februari, Bibi alilikuta lile daftari mezani. Alivaa miwani, akatoa jana kwenye leo, ukurasa baada ya ukurasa. Kila asubuhi iliyofika sentimita nane aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mistari ikawa tisa.

"Hili ndilo litakalotusemea," alisema. "Jumamosi mtu wa barabara anakuja ukumbi wa kijiji. Greda likija kwa wakati, mama yenu anafika. Ni hilo tu tunalotaka."

Aliisa alitaka kusema. Siku tatu alizunguka nyumbani na neno lile kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa, kahawa ikachemka. Mtu wa ofisi ya barabara aliitwa Tolonen, mwanamume wa miaka arobaini hivi, aliyevaa viatu vya mjini. Bibi alimwekea mbele daftari pamoja na faili lote la kazi za watoto.

"Mara tisa, Tolonen. Mara tisa mlipaswa kuja alfajiri, na hamkuja."

Tolonen alifunua kurasa. "Mama Raili, hivi ni vipimo vya watoto. Ile karatasi ilikuwa ya kuwachezesha."

"Ni karatasi yenu. Mngesema ni ya mchezo tungeijazia mafumbo."

Watu walicheka. Tolonen hakucheka. Aliweka kidole kwenye mstari mwekundu. "Tarehe kumi na moja. Hapa pameandikwa tisa. Siku hiyo vituo vyetu vyote, kusini na kaskazini, vilipata sentimita mbili. Sitaki kusema mengi, ila kuna mtu hapa ameongeza."

Bibi alisimama. Alikuwa mfupi, lakini ukumbi mzima ulimgeukia. "Babu yako alikuwa mpimaji wa magogo wa kampuni ya mbao. Kila gogo la baba yangu alilipunja sentimita mbili, miaka kumi na minane, na hakuna aliyethubutu kumwita mwongo. Leo mjukuu wake anakuja kumwita mwongo mtoto wangu? Aliisa hasemi uongo. Nakuapia mbele ya kijiji kizima."

Aliisa angenyamaza, kiapo cha Bibi kingekuwa uongo wa pili.

"Bibi, kaa," alisema akisimama. "Ni kweli. Niliongeza mimi."

Aliisa aliwageukia watu wote.

"Nilimwaga theluji kwa koleo. Asubuhi nne. Nilitaka ifike kwenye uzi wa Mama."

Bibi alikaa polepole, kama mtu aliyewekewa mzigo mgongoni. Tolonen alifunga daftari. Hakuonyesha kufurahi, na hilo lilimuumiza Aliisa zaidi. "Basi," alisema kwa upole, "daftari hili limekwisha kazi. Nitajuaje zipi za kweli na zipi za koleo?"

Aliisa alilitazama lile jalada lililofungwa. Daftari likienda, greda linaenda. Greda likienda, Mama anabaki njia panda.

"Kumbe ndiyo maana ilinenepa," Touko alisema.

"Nini ilinenepa, we mtoto?" aliuliza Tolonen.

Aliisa alikuwa tayari amelivuta faili. Akafunua kanda za Touko, moja moja, zimebandikwa upogo upogo. "Tazama. Kila siku Touko alijaza chupa kwenye fimbo. Theluji iliyoanguka yenyewe inatoa maji ya kidole kimoja. Ya koleo imeshikana, inatoa vidole vitatu. Tarehe kumi na moja, vitatu. Kumi na nne, vitatu. Kumi na tano na kumi na tisa, vitatu. Nyingine zote ni kimoja. Mimi nilidanganya. Chupa haikudanganya."

"Hivi ni vipande vya karatasi, binti."

"Theluji iko nje," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Glasi ziko jikoni. Ni kazi namba nne kwenye karatasi yenu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Vaa mabuti yangu, Tolonen, hivyo viatu vyako vitalia." Kicheko kikapita ukumbini, na safari hii hata Tolonen alitabasamu. Akatoka. Glasi moja aliijaza theluji iliyoanguka alfajiri ile juu ya uzio. Nyingine aliijaza ya kando ya njia, iliyorushwa kwa koleo. Wakaziweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, kijiji kizima kikazizunguka kama watu wanaosubiri mkate utoke jikoni. Touko alipandishwa juu ya kiti.

Theluji ilipokwisha kuyeyuka, Tolonen aliweka kidole chake kwenye glasi ya kwanza. Kimoja. Akaweka kwenye ya pili. Vitatu, na kidogo juu yake. Akachukua faili la Touko, akalisoma lote, taratibu, kutoka Januari.

"Nne kutoka kwenye tisa," alisema.

"Tano," Bibi alisema.

"Tano." Akaandika. "Mara tano tulipaswa kuja, hatukuja. Kuanzia Jumatatu barabara hii haitapimwa mjini. Itapimwa hapahapa."

"Na nani?" mtu aliuliza.

Tolonen alimrudishia Aliisa daftari. "Na huyu," akasema. "Lakini aje na chupa."

Waliporudi nyumbani Bibi alitangulia ndani. Aliisa alichukua koleo mwenyewe, akaondoa kilima alichokijenga kuzunguka fimbo. Tisini na mbili ikarudi kuwa sitini na nne. Touko alisimama kando akilia kimya kimya, maana uzi ulikuwa umeruka juu mbali kabisa. Ndipo Bibi alipotoka, amejifunga shali.

"Kumtamani mama yako si kosa," alisema. "Mimi pia namtamani. Ni mwanangu yule. Lakini nisikilize, Aliisa. Mkubwa akipima vibaya, watu husema amekosea, kisha humpa rula nyingine. Mnyonge akiongeza hata kidole kimoja, wanamnyang'anya na ile kweli aliyokuwa nayo. Sisi hatuna ofisi, hatuna greda. Tuna kweli yetu tu. Usiichanganye na kitu kingine, hata kwa upendo."

"Nimekuaibisha, Bibi."

"Umeniaibisha, kisha ukasimama. Kuna watu wazima, na nawajua kwa majina, ambao bado wamekaa." Akampokea koleo. "Twende ndani, mikono yako imekuwa ya buluu."

Ijumaa iliyofuata ilianguka theluji ya sentimita kumi. Jumamosi, kabla ya saa kumi na mbili, taa za greda zilipita kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Saa nne Bibi alirudi kutoka njia panda, na kwenye kiti cha pembeni alikaa Mama, kofia imemfunika nyusi, mfuko wa mikate mitamu mapajani.

Touko alimshika mkono, akamvuta moja kwa moja mpaka kwenye fimbo. "Umekuja kabla ya theluji," alimlaumu. "Uzi bado."

Mama aliutazama uzi, akakumbuka. Macho yake yakajaa. Kesho jioni alikuwa na basi la kurudi Oulu, na wote walijua. Akavua glavu ili aushushe uzi mpaka pale theluji ilipofika.

"Uache, Mama," Aliisa alisema. "Hiyo fimbo ni ya kupimia."

Mama akarudisha mkono. Touko akapiga magoti, akajaza chupa yake bila kuishindilia.

"Ngapi?" aliuliza.

"Sabini na nne," alisema Aliisa, na akaandika.