Kaa la Moto Chini ya Unyayo

Kila asubuhi Dobi huwasha pasi yake ya mkaa mlangoni. Hupuliza, hukohoa, kisha huanza kunyoosha mashati ya watu. Zamani walikuwa wawili, yeye na pacha wake. Mmoja akifua, mwingine akipiga pasi, na utani juu. Mvua zilizopita pacha akafariki. Sasa Dobi anafanya yote peke yake, na kibanda kimekuwa kimya.

Mapacha hao walikuwa na jambo lao. Kila mwaka walikimbia nusu marathoni ya mji, tena peku. Utotoni walikuwa na jozi moja tu ya viatu. Kila mmoja akimwambia mwenzake, "Vaa wewe." Mwisho hakuvaa mtu. Wakakua hivyo hivyo, hata mtaa ukawaita Wazee Peku.

"Mwaka huu nakimbia," Dobi akamwambia mkewe. "Peku, kama tulivyozoea."

"Baba watoto, wewe sasa una kisukari."

"Kisukari kiko kwenye damu, hakiko kwenye lami. Tena miguu yangu imekomaa. Siku hizi hata kokoto sizisikii."

Mkewe akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Mfiwa hashindwi kwa maneno.

Siku moja mkewe alikuwa anakunja mashuka. Akanusa. "We! Unaunguza nguo ya watu!"

Dobi akainua pasi. Shati salama. Mkewe akatazama chini, akapiga ukelele. Kaa la moto lilikuwa limeanguka kutoka kwenye pasi. Dobi alikuwa amelikanyaga, na bado anapiga mluzi.

Mkewe akakimbilia dawa ya meno ampake. Wakati huohuo jirani yao, muuguzi wa kliniki, akaingia kuchukua sare zake.

"Acha hiyo, shoga! Dawa ya meno ni ya meno. Lete maji safi ya baridi, yasiwe ya barafu. Mmwagie taratibu, kwa muda mrefu."

Kisha akafunika jeraha kwa kitambaa safi. "Shemeji, nikutegee kitendawili?"

"Saa hizi ndiyo za vitendawili?"

"Nina mlinzi. Mwizi anavunja mlango, yeye kimya."

"Huyo kalala. Mfukuze kazi."

"Mlinzi ni maumivu. Sukari ikikaa juu muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu. Mguu wako haujakomaa, shemeji. Umekufa ganzi. Kidonda kinaingia, hukisikii, kinaoza. Watu wengine hukatwa mguu hivyo. Twende kliniki sasa hivi."

Dobi akainamisha kichwa. "Nikivaa viatu, nitakuwa nimemwacha."

"Yeye ndiye aliyetangulia," mkewe akasema polepole. "Hakupenda, lakini amekwenda. Na alikuwa akikuambia nini siku zote? Vaa wewe."

Dobi akalia. Tangu mazishi hakuwa amelia.

Mwaka ule hakukimbia. Siku ya mbio alilala na bendeji mguuni, akisikia shangwe za barabarani. Kidonda kilichelewa kupona, lakini kilipona. Mguu ukabaki. Dobi akameza dawa zake bila kuruka hata siku moja. Akazoea kuvaa viatu, hata ndani ya nyumba, na kuvikung'uta kabla ya kuvivaa. Kila jioni mkewe humkagua nyayo, mpaka katikati ya vidole.

Mwaka uliofuata daktari akamruhusu ashiriki, ila atembee tu. Akavaa soksi na viatu visivyombana. Alifika mwisho wakati watu wanakunja mahema. Mkewe akamkalisha ukingoni mwa barabara, akamvua viatu, akageuza mguu mmoja, kisha wa pili.

"Salama, baba watoto. Hakuna hata lengelenge."

"Naona," akasema Dobi.

Kisha akageuka kutazama barabara aliyotoka, kama mtu anayemngoja mwenzake. Barabara ilikuwa tupu. Mkewe akakaa kando yake, wala hakumharakisha.