Pumzi Zilizokatwa

"Umenikata tena."

"Sikukukata. Nilisafisha."

"Miye ni sahani, Mutabazi? Miye ni sufuria? Nani alikuambia niko na uchafu?"

Walikuwa wamesimama kati ya marobota ya vitenge, ghorofa ya juu ya soko la Kamembe, asubuhi ya Jumamosi, wakati ambao wanunuzi hupita kwa kusukumana mabega na hakuna anayemwomba mwenzake radhi. Aurore Cubaka alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Alikuwa amelishona kwa ajili ya habari njema, na habari njema haikuja. Mutabazi alikuwa amekuja mbio kwa pikipiki kutoka Gihundwe, ambako alikuwa na kibanda chake cha mitambo ya sauti. Vifaa vya masikioni vilikuwa bado vinaning'inia shingoni, na vifungo vya shati lake vilikuwa vimekosana na matundu yake.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Asubuhi hiyo Madame Mukandori, mwalimu wa shule moja ya muziki kule Kigali, alikuwa amempigia Aurore simu kuhusu wimbo uliorekodiwa na kutumwa kumwombea nafasi ya masomo.

"Mademoiselle, tunatafuta mtu. Wewe umetuletea mashine. Ile noti ya mwisho haina pumzi hata moja. Umebandika vipande vya kompyuta. Nafasi ni moja, na leo hii nampa mwingine."

Kisha simu ikakatwa.

Aurore hakuwa amebandika kitu. Filimbi yake ni ile ya chuma, inayolazwa upande wa mdomo, ya muziki wa klasiki, na alikuwa amejifunza kuipiga bila kukatiza sauti. Unajaza mashavu hewa, unaisukuma nje kwa mashavu kama mtu anayetema maji polepole, na wakati huohuo pua inavuta hewa mpya. Kwa vyombo vingine ni kazi ngumu. Kwa filimbi ni ngumu zaidi, maana filimbi haimrudishii mtu pumzi yake, inameza tu. Miaka miwili Aurore alipuliza mrija ndani ya glasi ya maji ili mapovu yasikome. Anayedhani ni jambo dogo apewe mrija na glasi.

Na sasa kijana huyu alikuwa ameipeleka kazi hiyo Kigali baada ya kuiondolea pumzi zote.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Walijuana kwa kukatana. Mwaka uliopita Aurore alipiga filimbi kwenye harusi ya rafiki yake, na fundi wa sauti alikuwa Mutabazi. Alipofika kwenye noti ndefu, akaishikilia, akaizungusha kwa mashavu na pua, Mutabazi akadhani mashine yake imekwama. Akaizima. Wageni wakapiga makofi wakidhani wimbo umekwisha.

Siku chache baadaye Aurore alimkuta hapohapo sokoni, chini, kwa wauza soda, nyaya begani na Fanta mkononi.

"Ni weye. Weye njo ulizima mashine."

"Ilikuwa imekwama, Mademoiselle."

"Ilikuwa miye."

"Muntu gani anakaa vile bila kupumua? Hata samaki wa ziwa Kivu banapumua."

Aurore alimpokonya chupa, akatumbukiza mrija, akapuliza. Mapovu yakapanda, povu likamwagika juu ya vidole vyake, juu ya meza, juu ya nyaya za watu, na bado mapovu yalikuja. Mutabazi aliangalia chupa, akaangalia mashavu, mwishowe akaangalia pale alipopaswa kuangalia tangu mwanzo.

"Pua yako inacheza," alisema.

"Hongera. Umeona."

"Na umemwaga Fanta yangu."

"Weye ulimwaga wimbo wangu."

Jioni ile simu ya Aurore ililia, namba asiyoijua.

"Allô, ni ile mashine iliyokwama?"

"Nani alikupatia namba yangu?"

"Bibi harusi."

"Kata simu."

"Miye? Hapana. Miye nimeacha kukata."

Aurore alicheka akiwa ameziba mdomo kwa mto, mama yake asisikie. Maana mama yake alikuwa kwenye harusi ile, na alikuwa ameapa kwamba siku atakapomtia mkononi fundi yule atamvuta sikio mpaka lifike Bugarama. Kwa hiyo mapenzi yao yalianza kwa siri na yakaendelea kwa siri. Asubuhi mama na binti walivuka mpaka kutoka kwao Bukavu, nchi jirani, kuja Kamembe kuuza vitenge, jioni walirudi, na katikati ya siku Aurore alijua njia ya kutoroka.

Jumapili walikaa kando ya ziwa, Aurore na filimbi, Mutabazi na mikro yake ya kunasia sauti. Siku moja Mutabazi, vifaa vimeziba masikio yake, alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

"Nasikia pua yako, chérie. Kila unapovuta. Kama mutoto aliyetoka kulia."

Yeye aliona ametoa sifa. Aurore alisikia tusi. Sauti ile ya pua ndiyo aliyokuwa anapigana nayo kila siku ili isisikike. Alifungia filimbi kwenye kasha, akapanda mlima kwa miguu bila kugeuka, akazima simu wiki nzima. Wakapatana baadaye, kwa maombi mengi na mishikaki mingi, lakini Mutabazi alikuwa amejifunza somo moja, na alilijifunza vibaya: pua isitajwe. Kigali walipotaka wimbo uliorekodiwa, alikaa mbele ya kompyuta akaziondoa pumzi za Aurore moja moja, kama mtu anayechambua maharage, akautuma bila kumwambia alichokifanya.

"Ulinuna wiki nzima juu ya ile pua," alisema sasa, katikati ya vitenge. "Nimeitoa, unanuna tena. Unataka nifanye nini, chérie?"

"Chérie?"

Sauti ilitoka nyuma ya robota la mwisho. Maman Béatrice, mama mzazi wa Aurore na mwenye meza hiyo, alikuwa ameinama akipanga mzigo, mkasi unaning'inia kifuani kwa kamba. Maneno ya kukatwa alidhani ni ya mnunuzi na kitenge chake. Akasimama polepole.

"Aurore. Huyu anaita nani chérie?"

"Maman, ngoja kwanza."

"Singoji. Njo ule wa harusi? Ule alizima mashine?"

"Njo miye, Maman," Mutabazi alijibu mwenyewe. "Bonjour."

"Bonjour yako weka mufukoni. Utaihitaji."

Aurore alimgeukia Mutabazi. Hata mama yake angesubiri zamu yake.

"Pumzi zangu ziko wapi? Zirudishe."

"Haziwezi kurudi. Ule wimbo wa kwanza nilishafuta."

"Kwa hiyo umezitupa."

Mutabazi aliangalia viatu vyake. "Sikuzitupa."

"Ziko wapi?"

"Aurore, si hapa."

"Hapa hapa."

Alitoa simu, akabonyeza, akainyanyua kama mtu anayemwonyesha polisi kitambulisho. Pumzi moja fupi ya pua ikasikika. Kisha nyingine. Kisha nyingine, moja nyuma ya nyingine, bila noti hata moja katikati. Mwanamke aliyekuwa anachagua kitenge cha njano aligeuka.

"Kuna muntu eko na mafua?"

"Hii ni nini?" Maman Béatrice aliuliza. "Ni imbwa?"

"Ni miye, Maman," alisema Aurore.

Meza za jirani zilianza kucheka. Aurore hakucheka. Alisimama akisikiliza mwili wake mwenyewe ukihangaika ndani ya simu ya mtu mwingine.

"Uliziweka za nini?"

"Jioni munavuka, munaenda Bukavu. Nabaki." Mutabazi alisema haraka, kama anayetaka yaishe. "Wimbo, kila muntu anaweza kuusikia. Hizi nilisikia miye peke yangu. Sikutaka Kigali bazicheke."

"Hizi ni zangu."

"Ni zako."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Umenifanya mashine mbele ya bantu."

"Nimekufanya."

Hakujitetea tena, na hilo lilimkera Aurore kuliko maneno yote ya asubuhi ile, kwa kuwa mtu asiyejitetea hana pa kupigwa. Hasira haikuondoka. Ilisogea kando tu, na pale iliposogea Aurore aliona jambo la kufanya. Alifungua kasha, akaunganisha filimbi vipande vitatu, akanyoosha mkono.

"Lete simu yako. Ya kwangu kamera imepasuka."

Alimpigia Madame kwa video. Uso wa Madame Mukandori ulitokea, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mademoiselle, nimekwisha kusema."

"Madame, usisikilize filimbi. Angalia pua."

Akamrudishia Mutabazi simu. "Shika. Usiguse kitu. Hata kikianguka, usiguse."

Akapiga. Alipiga akimkazia Mutabazi macho kama anayemlaani, na filimbi yake ilikuwa tamu hivyohivyo. Chini mtu alikuwa anaita bei ya ndoo, pikipiki zililia barabarani, Maman Béatrice alimziba jirani yake mdomo kwa kiganja. Ikaja noti ya mwisho. Aurore akaishikilia. Mashavu yalijaa, yakasinyaa, na pua ikavuta kwa kelele, wazi, bila haya. Ikavuta tena. Noti haikutikisika. Simu ndiyo iliyotikisika. Madame alisogea mpaka miwani ikajaa kioo chote. Aurore aliendelea mpaka yule mwenye kitenge cha njano akaanza kuvuta pumzi kwa niaba yake, kisha Aurore akaacha, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kuacha.

"Pua yako ina kelele," alisema Madame.

"Ndiyo, Madame."

"Hiyo ndiyo niliyoikosa. Nafasi ni yako. Fika Jumatatu, kelele tutaifanyia kazi hapa." Akasukuma miwani juu ya pua. "Na mkono huo ni wa nani? Unatetemeka, umenitia kizunguzungu."

Aurore aliangalia mkasi kwenye kifua cha mama yake. Aliangalia shati lenye vifungo vilivyopotea njia.

"Ni wa mchumba wangu," alisema. "Ule ambaye anakata vitu."

Madame aliaga. Maman Béatrice alizunguka meza, akasimama mbele yao.

"Mchumba," alisema Maman Béatrice. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Na yeye anajua?"

"Ameambiwa."

"Maman," Mutabazi alianza, "nilitaka kuja kwa heshima, pamoja na bazee wetu..."

"Bazee batakuja. Nyamaza kwanza, nikuone." Alimwangalia juu mpaka chini, macho yakasimama kwenye lile sikio aliloapa kulivuta. "Yeye anaenda Kigali. Weye utabaki unasikiliza mafua ndani ya simu?"

"Kigali banafunga ndoa kila wiki, Maman. Spika zangu zinapanda gari."

Maman Béatrice alivuta pisi ya kitenge cha kijani chenye maua makubwa, akaikunjua mezani, akashika mkasi. "Gauni la Kigali, basi. Nikate mpaka wapi?"

Aurore alimshika mkono. "Usikate, Maman. Ni ya bantu babili."

Mkasi ulikaa wazi hewani. Kila mtu pale alijua kitenge cha watu wawili hutoka kwenye pisi moja isiyokatwa, na kwamba hutolewa kwa ajili ya harusi. Maman Béatrice aliachia mkasi ukaning'inia, akakunja pisi nzima, akamtupia Mutabazi begani kwa nguvu hata akapepesuka.

"Beba. Fundi wa kushona eko chini. Akupime haraka, kabla nibadilishe roho."

Walishuka ngazi, Aurore mbele na kasha lake, bila kumngoja.

"Ukinikata mara ya tatu," alisema bila kugeuka, "nitakupimisha sanda."

"Nimesikia, chérie."

"Na hizo pumzi uzifute."

"Zote?"

Aurore alishuka ngazi mbili zaidi, akasimama.

"Bakisha moja. Hiyo unaweza kukata."

Mutabazi aliegemea ukuta, kitenge begani, watu wakimsukuma wakipita. Akakata moja, akaihifadhi peke yake, akafuta nyingine zote, akaweka simu mfukoni. Kisha akamfuata Aurore kwa fundi, akanyoosha mikono apimwe.