Homa Iliyotoka Majarubani

Heenmenika alikuwa anakuna nazi mumewe alipobeba jembe. Tikiribanda alikuwa pekupeku, na kisigino chake kilikuwa na jeraha bichi.

"Baba Sunil, na hicho kidonda?"

"Kidonda gani? Jembe limenibusu tu."

"Na vile vidonge vya bwana afya?"

"Nimewapa kuku! Sina homa, nimeze dawa ya nini?"

Ilikuwa siku ya ujima. Mdogo wake Tikiribanda, Muthubanda, alikuwa amewalimia jaruba lao la mpunga, na sasa ilikuwa zamu yao kumlimia. Kijijini hapo siku hulipwa kwa siku. Anayetoa udhuru husemwa mpaka mavuno. Basi Tikiribanda akaingia kwenye tope na kidonda chake.

Wiki iliyofuata homa ikamkamata. Kichwa kilimgonga, macho yakawa mekundu, na misuli ya miguu iliuma hata shuka hakutaka limguse.

"Ni uchovu wa jembe," alisema.

Heenmenika naye aliamini. Nani analima asiumwe? Akachemsha giligilani na tangawizi, kama kwa kila homa. Hata hivyo akasema, "Twende hospitali."

"Kesho kutwa. Nimebakiza siku moja kwa Muthu. Unataka nichekwe?"

Akaenda kulima na homa yake. Aibu ya kusemwa ilimtisha kuliko ugonjwa, na huo ndio ujinga uliomuua. Macho yalipogeuka manjano na mkojo ukakoma, ndipo walipomkimbiza kwa bajaji. Figo zilikuwa zimeshindwa. Hakurudi.

Bwana afya Rajakaruna alipofika msibani na kusema ugonjwa ule umetoka kwa panya, Heenmenika alimvaa mbele ya watu.

"Panya wapo tangu enzi za mababu! Mbona leo ndio waue?"

"Waliua zamani pia, dada. Hamkujua jina tu. Hii ni homa ya mgunda. Panya na ng'ombe hukojoa majarubani. Mkojo wao una bakteria wadogo mno, waliojisokota kama springi. Hujipenyeza kwenye kidonda, wakashambulia ini na figo."

"Kwa hiyo giligilani yangu ndiyo imemuua?"

"Giligilani haina kosa. Kosa ni kungoja. Homa ikianza tu, nendeni hospitali, na mwambieni daktari mnalima mpunga. Dawa ya mapema inaponya. Na vile vidonge vya kinga humezwa kila wiki, msimu mzima."

"Kwa nini hukumlazimisha?"

"Niligawa, dada. Siwezi kummezea mtu." Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe. Nilipaswa kurudi kuuliza kama anameza."

Heenmenika hakumsamehe siku ile.

Msimu mpya ulipoanza, alisimama kwenye tuta la jaruba lake na vidonge alivyopewa na bwana afya. Wenye vidonda aliwarudisha wakavifunge kwa plastiki na kuvaa buti.

"Asiyemeza haingii kwangu."

"Aa, shemeji!" Muthubanda akacheka. "Siku hizi umekuwa askari?"

"Nimekuwa mjane. Meza."

Muthubanda akameza.

Lakini wiki moja akajisahaulisha, na homa ikampata. Alitaka kumaliza mstari wake wa kulima. Heenmenika akamnyang'anya jembe.

"Watu watasema..."

"Waseme! Kaka yako aliogopa kusemwa, nikamzika."

Wakaenda hospitali siku hiyo hiyo. Heenmenika mwenyewe ndiye aliyemweleza daktari habari za tope na panya. Muthubanda alilazwa, akatibiwa, akapona.

Aliporudi, wanawe walimkimbilia njiani, wakamning'inia mikononi. Heenmenika alitazama kutoka mlangoni kwake. Alifurahi kweli, na furaha ile ikamchoma. Sunil, mwanawe, alikuwa amesimama kando yake, naye anatazama.

"Mama, baba mdogo amepona?"

"Amepona, mwanangu."

"Kwa dawa tu?"

"Kwa dawa tu," alijibu, akaingia ndani asimwone analia.