Niulize Mechi Ikiisha

"Wifi, usitandike kile kitanda cha nyuma. Safari hii Murdo atalala kwangu."

Mererid alihamishia simu sikio la pili, akaendelea kupiga pasi foronya.

"Umenisikia?" Delyth akauliza.

"Nimesikia."

"Na huulizi kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kaomba mwenyewe. Eti hataki kukusumbua. Mmegombana?"

"Hatujagombana, wifi. Alale kwako tu."

Akakata simu, akaikunja foronya, akairudisha kabatini. Hakuhisi kitu. Tangu amzike Idris, kaka yake Delyth, habari njema na mbaya zote zilimfikia zikiwa vuguvugu. Alisali asubuhi, akasali jioni, akamshukuru Mungu kwa yote, na hata shukrani zenyewe alizitoa kwa sauti ile ile ya kuagizia mkate.

Kila baada ya miaka miwili, Uskoti ilipokuja Cardiff kucheza raga na Welisi, basi la wazee wa klabu ya Murdo lilishuka hadi kwenye bonde lao, na kila nyumba ikapokea mgeni wake. Murdo, fundi paa aliyefiwa na mkewe zamani, alikuwa mgeni wa Idris. Idris alipokufa, akabaki mgeni wa mjane wake. Safari iliyopita, asubuhi ya mechi, alimwambia Mererid waziwazi kwamba anataka kumuoa. Kisha akaondoka bila kuligusa tena jambo hilo. Na sasa wazee wa Uskoti walikuwa wamechoshwa na barabara. Hili lilikuwa basi lao la mwisho.

Ijumaa jioni klabu ilijaa. Mererid alizungusha sahani za mkate na jibini, macho yake yakijua Murdo amekaa wapi bila kumtazama. Emrys, mzee wa kaunta, alikuwa ameshaanza.

"Waingereza walikuja mwaka jana. Wimbo mmoja tangu mchana, na ubeti wa pili hawaujui."

"Afadhali hao," Delyth akasema. "Wafaransa wakifungwa huwazomea wachezaji wao wenyewe kabla sisi hatujaanza. Unabaki huna kazi."

"Waayalandi, mmoja wao tulimkuta hapa Jumanne," Emrys akaendelea. " Basi limeondoka, pasipoti haipo, na yeye ameshajiunga na kwaya ya kanisa."

"Waitalia je?"

"Waitalia ni wastaarabu. Unawafunga, halafu wanakukumbatia na kukupa soseji."

Murdo akacheka. "Na ninyi wenyewe?"

"Sisi tunalia," Emrys akajibu. "Wimbo wa taifa, tunalia. Tukishinda, tunalia."

"Na Mskoti?" mtu akauliza.

"Mskoti huchukua kombe zima kwa mdomo siku ya Ijumaa," Delyth akasema. "Jumamosi ndiyo humharibia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Murdo aligeuka, akakutana na uso wa Mererid, akainamia glasi yake.

"Habari za siku nyingi, Mererid."

"Nzuri. Mkate?"

"Asante."

Basi. Akapita na sahani yake.

Siku ya pili yake walioweza kupanda ngazi za uwanja walikwenda mjini. Mererid alibaki jikoni klabuni, zamu yake ya kupika mchuzi wa kondoo na viazi kwa ajili ya watakaorudi. Juu ya friji palikuwa na runinga ndogo. Mechi ilikuwa imefika kipindi cha pili simu ilipolia mlio wa ujumbe.

"Murdo hajaenda mjini, goti limemkataa. Yuko hapo ukumbini na akina Emrys. Ongea naye wifi. Kaka yangu asingekasirika. Delyth."

Aliusoma mara mbili. Akafuta mikono kwenye aproni, akafungua mlango.

"Murdo. Njoo unimenyee viazi."

Alikuja akichechemea, akavuta kiti, akashika kisu. Kwenye runinga Waskoti walikuwa wanaongoza kidogo, na yeye hata hakutabasamu.

"Kwa nini umehama nyumbani kwangu?" Mererid akauliza.

"Mtu akikataliwa asijibanze mlangoni."

"Nani kakukataa?"

"Wewe."

"Lini?"

"Mererid, nilikuuliza umesimama jikoni kwako nyumbani. Ukanijibu nini?"

"Nikasema niulize mechi ikiisha."

"Enhe."

"Enhe nini? Siku ya mechi kwetu hata mazishi hayapangwi. Ulitaka nikujibu mambo ya ndoa wakati hata wimbo wa taifa haujaimbwa? Nilingoja."

Murdo akaweka kisu chini. "Nilirudi kutoka uwanjani nikakuta mapazia yamefungwa. Nikakusalimu, hukuitikia. Ukaniwekea chakula, ukapanda kulala. Asubuhi ukaenda kanisani bila neno. Ningeelewa nini?"

"Tulikuwa tumefungwa, Murdo."

"Ndiyo, lakini..."

"Nyumbani kwetu tukifungwa hatusemi mpaka ibada ya Jumapili iishe. Baba yangu alikuwa hivyo, Idris alikuwa hivyo. Umelala kwetu miaka yote hiyo, hujui?"

"Ningejulia wapi? Safari zote hizo mlikuwa mnashinda ninyi. Sisi tukifungwa tunaongea mpaka koo likauke, tumeshazoea. Nilidhani umeninyamazia mimi."

Mererid alikitazama kiazi mkononi mwake. "Nilitoka kanisani mbio. Basi limeshaondoka. Nikasema basi, kashinda mechi, kasahau. Nilikusikia usiku ule huko nje, unaimba."

"Nilikuwa sijawahi kushinda hapa tangu nina nywele. Sikujua mshindi anafanyaje. Nikaimba ili nisilie mbele ya wenzangu."

"Ungepiga simu."

"Ungepiga wewe."

"Mwanamke wa umri wangu, nimpigie mwanamume nimuulize lile swali lako liko wapi?"

Sufuria ikachemka, Mererid akaipunguzia moto. Kwenye runinga Welisi walikuwa wamesukumana hadi karibu kabisa na mstari wa goli, refa ameinama anaangalia, ukumbini akina Emrys wanamtukana na kumwombea kwa Mungu kwa pumzi moja. Dakika zilizobaki zilikuwa chache.

"Basi nitangoja iishe," Murdo akasema. "Nikuulize tena."

"Mkishinda utaimba. Tukishinda nitalia. Tukifungwa nitanyamaza, na kesho basi linaondoka."

"Sasa tufanyeje?"

Mererid akanyoosha mkono juu ya friji, akachomoa waya. Kioo kikawa cheusi.

Murdo akaduwaa kama aliyeona mtu anazima taa ya kanisa. Ukumbini kelele zikapanda, meza zikapigwa, na mtu akaanza kulia au kucheka, haikujulikana. Shingo ya Murdo ilianza kugeukia mlangoni. Akairudisha.

"Imeisha," Mererid akasema. "Niulize."

"Mererid, utaolewa na mimi?"

"Ndiyo."

Alilisema kwa sauti ile ile ya kuagizia mkate. Lakini alivuta kiti cha pili, akaketi, mchuzi akausahau motoni. Murdo akamshika, na Mererid akauhisi mkono wake: mpana, mgumu, umelowa maji ya viazi.

"Lini?" Murdo akauliza.

"Mwezi wa tano. Mwezi wa tano hakuna mechi."

Mlango ukafunguliwa. Emrys alisimama pale, machozi yanamtiririka.

"Mererid, umeona?"

"Hatujaona," Mererid akasema. "Funga mlango, mzee wangu."