Ua la Jirani wa Nguo Nyeupe

Msidhani natunga. Huyu ni shangazi yangu mwenyewe, aliyenilea, fundi cherehani, anashonea sebuleni. Asubuhi moja tunakunywa chai, jirani wa mlango wa pili akaja kuaga, anahama. Mama yule siku zote alivaa nyeupe tupu, tukamwita Nesi. Akamwachia shangazi ua la chungu, majani mekundu yenye mishipa ya kijani. Zuri, acha kabisa.

"Lisipigwe jua kali. Maji kidogo tu." Akasita mlangoni. "Na usilikate."

Shangazi akalipenda kama mjukuu. Analifuta vumbi jani kwa jani, anakizungusha chungu lisiinamie dirishani.

"Ungeniogesha mimi hivyo, ningenenepa," nikamtania.

"Wewe huna rangi," akanijibu.

Sasa, jani jipya la ua lile linatoka limejikunja kama sigara, ndiyo linafunguka. La kwanza lilifunguka na madoa ya njano. Nikatazama mezani: kitambaa alicholeta muuza dawa ashonewe gauni, madoa ya njano yaleyale. Gauni likaisha, mwenyewe hakuja kulichukua. Tulimzika.

La pili, mistari ya buluu. Shati la kinyozi. Naye tukamzika.

Nikaanza kuliangalia ua kwa jicho la pembeni.

"Shangazi, tulitupe."

"Acha ushamba. Watu hufa kila siku."

Mchana mmoja likachomoza la tatu. Limejikunja. Kwenye ncha nikaona zambarau, na waridi dogo jeupe.

Gauni la shangazi. Alikuwa amelivaa.

Yeye yuko kwenye cherehani, anaimba. Jani likaanza kulegea. Taratibu. Mbele ya macho yangu.

Nikanyakua mkasi.

"We mtoto," akanong'ona, "alisema tusilikate."

Nikakata.

Cherehani ikanyamaza.

Nilipolikunjua, nusu ya jani ilikuwa na waridi. Nusu nyeupe, kama karatasi.

Shangazi yu hai. Ila mkono wa kushoto na mguu wa kushoto ndiyo basi tena. Daktari anasema presha. Sawa, presha. Lakini gauni lake hilo hapo, limening'inia mlangoni. Upande wa kushoto hauna zambarau wala waridi. Mweupe pe. Nimelifua kwa mikono yangu, maji yakabaki safi, hakuna rangi iliyotoka.

Ua bado lipo dirishani. Kulitupa naogopa, jani moja tu limenigharimu nusu ya shangazi. Kila asubuhi, kwa mdomo uliopinda, ananiuliza kama nimelimwagilia.

Namwagilia. Na siku hizi navaa nyeupe tu.